Sifuri Katika Somo la Vipimo

Vijana wangu, mmenizoesha bahasha. Kila vyuo vinapofunga, hapa nyumbani kwangu hupita mmoja au wawili, bahasha ya kaki kwapani. Shikamoo mzee, marahaba, karibu kiti. Kabla chai haijapoa karatasi ya matokeo imeshatolewa na kuwekwa mapajani mwangu kama mtoto mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Na swali ni lile lile: "Mzee, kwa alama hizi, kazi za kompyuta na mitambo nitapata kweli?"

Mimi si mpiga ramli. Nilikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano hapa hapa Dodoma, zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa upande ule wa meza wanapokaa wasomaji wa bahasha. Nitawaambia nilivyokuwa nikizisoma. Nilikuwa naitafuta alama ya chini kuliko zote, naiwekea kidole, halafu namuuliza mwombaji: "Hapa ilikuwaje?"

Swali hilo sikulibuni mimi. Nilifundishwa na msichana mwenye sifuri.

Lakini nianze na mimi mwenyewe, maana mchimba kisima huanza na uwanja wake. Mimi nilitoka chuo na daraja la kwanza. Cheti changu nilikitia fremu, nikakipigilia ukutani, na kila mgeni aliyeingia sebuleni alikalishwa kiti kinachokitazama. Mke wangu alisema siku moja nitakiwekea sahani ya chakula. Nilianzia kwenye shirika la umma. Mageuzi yalipokuja, shirika likapunguza watu, nami nikapunguzwa na cheti changu. Ndipo likafunguka lile soko huria mnalolisoma kwenye vitabu. Kampuni za watu binafsi zikaanza kuota kama uyoga, na moja, ya simu za upepo, yaani redio za kuzungumzia, ikafungua tawi Dodoma na kunipa niliongoze.

Nilikwenda na Mzee Sefu. Huyu alikuwa fundi mkuu wangu tangu shirikani, mwenyeji wa mjini hapa, ukoo wake wa wafanyabiashara wa zamani. Shule alikuwa ameishia darasa la sita. Lakini alikuwa akisogeza pua kwenye mtambo uliofunguliwa, ananusa, halafu anasema, "Hapa pameungua juzi, si leo." Unapima, unakuta kweli ni juzi. Nilifanya naye kazi miaka yote hiyo na sikuwahi kuizoea pua ile.

Kompyuta yetu ya kwanza ililetwa kwa gari kutoka Dar es Salaam, imefungwa blanketi mbili. Kwa sababu ya vumbi la Dodoma, vumbi lisilobisha hodi, tuliambiwa anayeingia chumba kile avue viatu. Basi watu wazima tukawa tunaingia pekupeku, wengine soksi zimetoboka vidoleni. Mzee Sefu aliguna, akasema bismillahi, akabonyeza swichi. Kioo kikawaka. Nawaambia kweli, tulikisogelea wote bila kuambiwa. Nyinyi mmezaliwa mkaikuta, hamwezi kujua kifua kinavyojaa mtu anapoona kitu anachokijua kwa picha tu kimewaka mbele yake na kinamsubiri aseme.

Sasa, huyo msichana.

Tulitangaza nafasi moja ya fundi mdogo. Waombaji watatu wakaitwa kwenye usaili. Wawili walikuwa na matokeo yanayong'aa. Wa tatu alikuwa Foibe, mtoto wa kijijini Mvumi, mrefu, mkimya, gauni limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Karatasi yake ilikuwa ya wastani, isipokuwa mahali pamoja ambapo niliona kitu sijapata kukiona. Katika somo la Vipimo, alama sifuri. Hata mtu akijaza ovyo hupata nane au kumi. Sifuri yenyewe, ya duara, inanitazama.

Nikamgeuzia karatasi. "Hebu soma mwenyewe hapa. Umepata ngapi?"

"Sifuri, mzee."

"Na kazi unayoomba ni ya nini?"

"Ya kupima mitambo, mzee."

Nikacheka. Naona haya kuwasimulia, lakini nilicheka kwa sauti. Yeye alitazama mikono yake, hakujitetea, nami nikageukia karatasi nyingine.

Mzee Sefu alikuwa na usaili wake mwenyewe. Alimpa kila mmoja redio mbovu na bisibisi. Wale wawili walifungua vifuniko kabla hajamaliza kusema. Foibe aliishika ile redio, akaigeuzageuza, akauliza, "Babu, aliyekuwa anaitumia ni nani?"

"Dereva wa lori," Mzee Sefu akamjibu.

"Alikuwa anaiweka wapi?"

Basi Mzee Sefu akanivuta nje. "Mchukue huyu. Anauliza kabla hajafungua."

"Mzee, ana sifuri ya vipimo."

"Na mimi sina hata hiyo sifuri."

Sikumsikiliza. Nilimwajiri kijana mwenye alama za juu kuliko wote. Wiki mbili baadaye akapata kampuni kubwa zaidi Dar es Salaam, akaondoka bila hata kurudisha bisibisi yetu. Wa pili naye alikuwa keshapata kazi. Ndivyo Foibe alivyoingia, kwa majaribio ya miezi mitatu, na mimi nikamwambia waziwazi kwamba nitakuwa na jicho juu yake.

Mtambo wetu mkuu ulikuwa juu ya kilima upande wa Zuzu. Ulipokea sauti kutoka redio moja na kuirusha kwa nyingine, hivyo mtu wa kijijini aliweza kuzungumza na mjini bila waya. Siku ya kwanza ulipowashwa, sauti ya mama muuguzi iliingia ofisini kutoka huko nyikani, safi kabisa, ikisema "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo. Tulitazamana tukasahau kuitikia. Kwa kuwa umeme wa kilimani ulikuwa wa betri, tuliamua mtambo ulale usiku. Tuliufungia jicho, yaani kifaa kidogo kinachohisi mwanga: giza likiingia, kinaulaza mtambo, pakipambazuka, kinauamsha. Jicho hilo nililifunga mimi kwa mikono yangu, mwezi Januari, kwenye ukuta wa kibanda cha mtambo. Likumbukeni hilo.

Kilimani palikuwa na mlinzi, Mzee Chilongani, Mgogo wa umri wa baba yangu. Kazi yake nyingine ilikuwa kuandika kwenye daftari kila mtambo unaponyamaza. Mwanzoni aliandika maneno mengi, kwa herufi kubwa za taratibu: mtambo umenyamaza nilipokuwa nataka kula, jua limekaa hivi, upepo umetoka kule. Nilimkataza. Daftari lile lilikuwa limechapwa kwa Kiingereza, lenye kisanduku kidogo cha muda. Nikamwambia, "Mzee, hatuandiki barua hapa. Weka tarakimu tu. Ndiyo utaalamu." Akatii, wala hakuniuliza tena.

Katikati ya mwaka, kipupwe kimeshika, mtambo ukaanza kunyamaza kila siku. Daftari likawa linasema: 7.10 umenyamaza, 7.25 umeamka. Wateja wetu wakubwa walikuwa hospitali moja ya misheni, na wao walilalamika kwa barua moja kwa moja makao makuu. Makao makuu wakatuletea faksi kwa Kiingereza, nayo ikasema zahanati za vijijini zinakosa zamu yao ya redio kila siku, 7.10. Daftari linasema hivyo, faksi inasema hivyo. Mashahidi wawili. Chini ya faksi meneja aliongeza kwamba mwisho wa mwezi hospitali itavunja mkataba, na mkataba ukivunjika tawi litapunguza fundi mmoja. Wa kwanza kuondoka atakuwa mwenye matokeo ya chini.

Hakutaja jina. Foibe aliisoma faksi ile kwa sababu ndiye aliyeipokea. Aliikunja vizuri akaiweka mezani kwangu, na siku ile hakula chakula cha mchana. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wake.

Mimi nikaingia vitani. Kila asubuhi nilipanda kilima na mita yangu, kipupwe cha Dodoma kinanitafuna masikio, nasubiri. Ikitimia 7.10 ya saa yangu, mtambo unaimba kama chiriku. Nasubiri zaidi ya saa nzima, nateremka, nawahi ofisini. Kesho yake nafungua daftari: jana, 7.10, umenyamaza. Jana! Na mimi jana nilikuwa nimesimama pale pale! Mara ya kwanza nilidhani nimekosea tarehe. Siku ya tano nikapata jibu la kitaalamu: mzee anatunga. Halali hapa, anakunywa pombe huko chini, kisha anajaza daftari kwa kunakili. Nikaandika barua ya kumwachisha kazi, nikaitia mfuko wa shati.

Asubuhi ya siku ya sita nilimchukua Foibe anibebee betri ya akiba. Tulipofika, mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari. Yeye alitua betri, akapiga goti kidogo, akamwamkia mzee kwa Kigogo. Wakasalimiana ile salamu ndefu yao, ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, mimi nimesimama natetemeka kwa hasira na baridi.

Tukasubiri. Muda ukapita, mtambo mzima. Nikampigia mzee daftari kifuani. "Umeandika jana umenyamaza. Muda huu ulioandika, mimi nilikuwa hapa!"

"Muda huo hukuwepo, mwanangu," akasema taratibu.

"Nilikuwepo! Nimesimama hapa hapa!"

"Hukuwepo. Muda huo nilikuwa na karanga zangu peke yangu."

Mkono wangu ukaenda mfukoni. Hapo Foibe akasogea, akaweka kidole kwenye daftari, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, hii saba ni ya nani?"

 Mzee Chilongani alikunja mkono wa koti lake, akatunyooshea saa. Ilikuwa saa ya kawaida, ya mishale, kioo kimechubuka. Yangu ilionyesha nane na robo. Yake ilionyesha mbili na robo. Mshale mfupi umeipita mbili kidogo tu.

"Naiweka kama ninavyoisema," akatueleza. "Jua likitoka, moja. Sasa si ni saa mbili? Basi inasema mbili. Saa inayosema nane wakati ni saa mbili mimi siwezi kuvaa, itanipoteza."

Vijana, mtoto wa darasa la pili anajua kwamba saa moja asubuhi kwenye uso wa saa imeandikwa saba. Tunageuza kichwani siku nzima bila hata kujua tunageuza. Na mimi, daraja la kwanza, nilikuwa nimemkataza mzee kuandika neno "mchana", nikabaki na tarakimu tupu. Wa makao makuu naye, aliyetafsiri barua ya hospitali kutoka "saa 7.10" ya Kiswahili, alibeba tarakimu akaliacha jua. Saa saba mchana ofisi yetu imefungwa, sote tuko kwenye wali na maharage, hakuna aliyekuwa redioni kusikia ukimya. Mashahidi wangu wawili walikuwa wanasema kweli siku zote. Aliyekuwa haisikii ni mimi.

Hatukuteremka. Tulikaa kilimani hadi mchana, tukila karanga za mzee. Ilipokaribia saa saba, Foibe hakuutazama mtambo. Alisimama nje akitazama ukuta wa kibanda. "Mzee," akaniita, "njoo uone."

Kivuli cha mlingoti kilikuwa kinatembea ukutani. Mwezi Januari jua liko kusini, kivuli huangukia upande mwingine, porini, ndiyo maana nilipofunga lile jicho sikukiona. Kipupwe kinapofika jua huhamia kaskazini na kivuli hugeuka. Kilikuja polepole, hatua ya kobe, kikagusa kona ya lile jicho langu lililokuwa limegandwa na vumbi la miezi hata mwanga ukalifikia kwa shida, kikalifunika. Ndani ya kibanda, mtambo ukanyamaza.

Ulidhani usiku umeingia.

Mzee Chilongani akatazama saa yake. "Saba na kumi," akasema, wala hakuwa na majivuno.

Nimeona mengi katika kazi hii. Nimeona sauti ikivuka nyika bila waya, nimeona kompyuta ikiwaka. Lakini nywele zilinisimama siku ile kuliko siku zote. Mlingoti wetu ulikuwa mshale, ukuta ndio uso wa saa, na jua lenyewe lilikuwa linatuandikia saa saba kila siku kwa muda wa wiki nzima, bila kukosea, nami niko chini kwenye wali na maharage, nikipanga kesho niwahi alfajiri. Tulisimama watatu mpaka kivuli kilipopita na mtambo ukaamka wenyewe.

Kulihamisha jicho na kulifuta vumbi kulichukua muda wa kufungua skrubu nne. Barua niliyokuwa nayo mfukoni niliichana mbele ya mzee, nikamwambia ilikuwa inasema nini, kwa sababu niliona nikimficha nitaibeba maisha. Nikamwomba radhi.  "Ndiyo maana nilikuwa naandika maneno," akasema. Tangu siku ile aliandika maneno yake yote, hata ya upepo, na nilikuwa nayasoma kama gazeti.

Hospitali haikuvunja mkataba. Mzee Sefu nilipomsimulia alicheka mpaka kofia ikamtoka, halafu akaanza kuniita Bwana Saba, na jina hilo lilinifuata hadi nilipostaafu.

Lakini msije mkaondoka hapa mkaenda kutupa vitabu, mkasema mzee kasema alama si kitu. Sikusema hivyo. Baadaye niliajiri kijana mwingine mcheshi, mdomo wa asali, karatasi yake imejaa alama za aibu, nikajidanganya kwamba huyu naye ni Foibe. Nilipomwekea kidole na kumuuliza ilikuwaje, alijibu, "Uvivu tu, mzee," nikapenda ukweli wake. Wiki ya kwanza aligeuza waya wa chanya na hasi, akauchoma mtambo mzima, moshi ukatoka hadi Mzee Sefu akauhisi barabarani. Uvivu ulikuwa kweli. Na Foibe mwenyewe alirudi kuufanya mtihani wa Vipimo kwa kujitegemea, akafaulu vizuri sana. Alama zinafungua mlango. Mwenye nazo anaingia kwa mguu, asiyekuwa nazo inabidi apatikane Mzee Sefu wa kumvuta mkono, na kina Sefu ni wachache.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mimi nilikuwa mlangoni, na nilikuwa nimeshaufunga.

Miezi yake mitatu ilipokwisha nilimwita ofisini nimpe barua ya ajira. Faili lake lilikuwa wazi mezani, na ile sifuri ilikuwa bado inanitazama. Nikaiwekea kidole. "Foibe, mwanangu. Hapa ilikuwaje?"

 Akanieleza kwamba mtihani ule ulikuwa umesogezwa, tangazo likabandikwa ubaoni, limeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili: Vipimo, Ijumaa, saa 8.00. Yeye alikuwa amelijua somo lile kuliko yote, alikuwa akiwafundisha wenzake bwenini. Alitaka kuuliza kama ni nane ya asubuhi kwenye uso wa saa au nane ya mchana kama tunavyosema, akaogopa wasimcheke, mtoto wa kijijini hajui kusoma saa. Akafika saa saba na nusu mchana, mapema, penseli mbili zimechongwa. Akamkuta mfagizi anapanga viti. Wenzake walikuwa wameshafanya asubuhi. Hawakumruhusu kurudia. Siku ile, alisema, aliapa hatapita tena mbele ya saa yoyote bila kuuliza ni ya nani.

Nilishindwa kumtazama. "Lakini mbona hukusema siku ya usaili?"

Foibe akachukua barua yake, akaikunja vizuri kama alivyoikunja ile faksi.

"Hukuniuliza, mzee. Uliniuliza nimepata ngapi. Hukuniuliza ilikuwa saa ngapi."